Tupeane uzoefu: Stika kwenye gari la biashara, kipi kinaleta simu na kipi ni urembo tu?

Mleta uzi (Kimara)
Wakuu salaam. Nasambaza mitungi ya gesi kuanzia Kimara mpaka Kibamba kwa Kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) nyeupe ambayo mpaka sasa haina hata herufi moja. Nimezunguka kwa mafundi wawili. Mmoja anataka kulivalisha gari lote stika, kuanzia boneti mpaka nyuma. Wa pili anasema milango na nyuma vinatosha. Bei zao zimeachana mbali mno.

Juzi nimekaa kwenye foleni ya Ubungo nyuma ya gari la fundi umeme. Ameorodhesha kazi zake zote: waya, kamera, fensi ya umeme, jenereta, sola, mpaka kuuza balbu. Magari yakaruhusiwa sijafika kwenye namba ya simu. Sasa waliokwisha kubrandi naomba mtuambie mliweka nini, wapi, na simu zinaingia kweli?

Mama Keki (Tabata)
Kaka, simu zinaingia, ila nyingi zinatoka nyuma ya gari. Kila mteja mpya namuuliza namba ameipata wapi, na jibu ni lile lile: "Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni." Ubavuni watu wanaona rangi na picha, nyuma ndiko wanakosoma.

La pili, mimi nina Noah. Dizaina alinichorea keki kubwa ya harusi ubavu mzima na jina la biashara limepita juu yake, kwenye kompyuta inapendeza mpaka unatamani kula. Kabla hatujachapa, binti yangu akauliza mlango ukifunguliwa itakuwaje. Mlango wa Noah unateleza kwenda nyuma, unafunika nusu ya maandishi. Na mimi mlango unakuwa wazi muda gani? Pale pale ukumbini ninaposhusha keki, wageni wote wamesimama wanatazama! Tukahamisha jina likakaa mlango wa dereva na ule wa abiria wa mbele, wa kuteleza tukauachia picha peke yake. Mwenye Hiace naye aliangalie hilo.

Fundi Stika (Kariakoo)
Mleta uzi, kabla ya bei uliza aina ya stika. Ziko mbili. Moja hutengenezwa kwa kukandamizwa na rola mpaka iwe karatasi. Ni ya bei ya chini, nene kidogo, na siku zote inataka kurudi kwenye umbo lake la mwanzo. Ikivutwa kwenye kona au bampa, ikipata jua inajikunja na kuachia. Nyingine humiminwa ikiwa majimaji, ikakauka. Ni nyembamba, inalala kwenye mikunjo na kutulia. Hiyo ndiyo ya kuvalisha gari zima. Lakini ubavu wa kasha la Kirikuu ni bapa, hiyo ya bei ya chini inakutosha kabisa. Fundi akikutoza bei ya kumiminwa kwa kazi ya bapa, jadiliana naye.

Juu ya stika iliyochapwa lazima iwekwe laminesheni, ile ngozi angavu ya kukinga jua na mikwaruzo. Boneti na paa ndivyo vinavyopigwa jua la utosi, ndivyo vinavyopauka kwanza. Ndiyo maana mimi boneti huwa nashauri iachwe.

Na mtazame fundi anavyofanya kazi. Gari lioshwe, likauke, halafu lipanguswe kwa spiriti, hasa kwenye kingo za milango na chini ya vitasa. Polishi ikibaki hapo, gundi haishiki. Akimaliza kubandika arudie kupasha kwa hita sehemu zote zilizovutwa, moto mkali kuliko ule wa kubandikia, ile stika isahau ilikotoka. Akiruka hatua hiyo, kingo zitaanza kunyanyuka na vumbi litaingia chini yake, basi tena.

Jambo moja watu hulisahau: gari lililowahi kupigwa rangi mtaani. Siku ya kubandua stika, rangi nayo inakuja. Mwambie fundi mapema.

Mleta uzi
Fundi shukrani. Nikivalisha lote rangi ya chungwa, kuna tatizo la kadi ya gari?

Fundi Stika
Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi. Likionekana la chungwa na kadi inasema jeupe, unatakiwa ukabadilishe taarifa TRA kwanza. Michoro ya sehemu tu, weupe bado unaonekana, huwa haina mgogoro. Namba za gari, taa na rifleksa usiguse kabisa.

Probox (Nairobi)
Huku kwetu, mbali na rangi, kuna kibali cha kaunti. Gari likiwa na tangazo linalipiwa, na risiti ukae nayo ndani kwa sababu kanjo, askari wa kaunti, wataiuliza. Hiyo gharama iweke kwenye hesabu kabla hujaenda kwa fundi.

Pia jueni kwamba ukiandika namba kubwa nyuma, hawapigi wateja pekee. Dereva wangu akikata mbele ya mtu Thika Road, kabla hajafika Roysambu nimeshapigiwa na kutukanwa. Sijaitoa hiyo namba. Tangu dereva ajue napigiwa, anaendesha kwa heshima.

Jiwe la Mwanza
Wa bajaji msihangaike na stika kwenye turubai, haikai. Turubai linachapwa kwa wino. Stika weka kwenye bati la mbele tu.

Mvuko (Likoni)
Mie ni fundi wa friji na eisii, gari langu lavuka feri takriban kila siku. Pale foleni yaweza kukuweka sana, na watu wa miguu wapita ubavuni kwako wakielekea pantoni. Kwa hivyo ubavuni mwangu niliandika maneno mengi kidogo, na yasomwa, maana gari limesimama na msomaji yuko hatua mbili. Tazama gari lako hukaa wapi zaidi. Hata ile QR code, alama ya mraba ya kupiga picha kwa simu, iweke ubavuni karibu na mlango. Nyuma ni bure, hakuna dereva wa kuipiga picha huku aendesha.

Dizaina wa Mwenge
Nembo msitutumie kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa, halafu inatakiwa ikuzwe iwe mita moja, inatoka vipande vipande. Tafuteni faili halisi la vekta, lile linalokuzwa bila kuharibika, kwa aliyeichora.

Ukubwa wa herufi una hesabu yake: kila mita 3 za umbali, weka kama sentimita 2.5 za kimo ili isomeke bila kukodoa macho. Mtu aliye mita 15 nyuma yako anahitaji karibu sentimita 12.5. Namba ya simu ina tarakimu kumi, zigawe 07xx xxx xxx, kila moja ichukue upana wa kama sentimita 8 ukihesabu na nafasi. Jumla, pamoja na mapengo mawili ya kugawia, inakaribia mita moja, na Kirikuu upana wake ni chini kidogo ya mita moja na nusu. Inaenea, lakini kwa mstari mmoja, na hakuna kingine kitakachokaa pembeni yake. Mwandiko wa kupinda kama wa kadi za harusi achana nao.

Mstaafu wa Hiace (Morogoro)
Mimi niwaambie ya upande wa pili. Nilinunua Hiace iliyokuwa ya shule, stika zimebanduliwa. Kumbe rangi iliyokuwa chini ya stika ilibaki mbichi na ile ya pembeni imepauka, kwa hiyo jua likiwaka vizuri jina la shule linasomeka lote. Asubuhi wazazi walinisimamisha barabarani na watoto wao wenye mabegi. Gari jeupe kivuli hicho hakionekani sana. Na stika msiiache mpaka ikauke, ikishakauka inatoka kama ganda la yai, unamaliza siku nzima kwenye mlango mmoja.

Mleta uzi
Nimeamua ubavu na nyuma. Nyuma nimepanga hivi:

GESI MPAKA MLANGONI
Huduma bora kwa bei nafuu
07xx xxx xxx

Kosoeni.

Dizaina wa Mwenge
Mlango wa nyuma wa Kirikuu ni mfupi. Mistari mitatu kwa ukubwa ule haikai.

Mama Keki
Toa wa katikati. Kila gari Dar limeandikwa hivyo. "Kimara – Kibamba" iweke ubavuni, ili wa Temeke asipoteze vocha. Na namba iwe ya mtu aliyekaa dukani. Ukiweka ya dereva, mteja anapiga na yeye yuko kwenye usukani.

Mleta uzi
Ya dereva ndiyo niliyokuwa nimeweka. Naweka ya shemeji yako wa dukani.