Karanja, Uganda au ya Kitaliano: ipi ilikuwa safari tamu kutoka Kilindini?

KijanaWaGanjoni
Asalaam aleikum jamani. Nyumbani kwetu kuna kesi isiyokwisha. Kila Ramadhani, watu wakishafuturu na birika la kahawa chungu likishazunguka, mamangu na mjomba huanza. Mama alikwenda Bombay mwaka 1968 na Karanja. Mjomba alikwenda Uingereza kusoma mwaka 1962 na SS Uganda. Kila mmoja yuwadai yake ndiyo meli na ya mwenziwe ni mtepe. Juzi rafiki yake mjomba akaja kuongeza kuni motoni: "Nyote wawili hamkupanda meli. Meli ilikuwa ya Kitaliano."

Naomba aliyesafiri nazo, au aliyefanya kazi gatini, alinganishe. Chakula, mawimbi, mwendo, watu. Wale wa "nilisikia" wasubiri kidogo.

Halafu jambo jingine. Sanduku la bati la mama bado lipo chini ya kitanda, na ubavuni lina karatasi imeandikwa kwa Kiingereza kwamba halihitajiki safarini. Sasa kama halihitajiki, alilichukua la nini?

DohaniMbili
Kwanza tutenganishe, maana unalinganisha matatu ya Likoni na basi la Lamu. Hizi meli hazikuwa za njia moja.

Karanja (1948) na nduguye Kampala (1947) zilikuwa za Bombay. Zikitoka huko, baadhi ya safari zikipitia Seychelles, zikaja Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kuteremka hadi Durban. Tani 10,000 na ushei kila moja. Kenya (1951) na Uganda (1952) zilikuwa za London kupitia Suez, tani 14,000 na zaidi. Zote nne za kampuni moja, British India, ambayo mjini iliitwa BI basi. Ukiona dohani nyeusi yenye mikanda miwili myeupe, ndiyo hiyo.

Union-Castle nao walikuwa na meli zilizozunguka Afrika nzima, dohani nyekundu na ubavu wa rangi kama zambarau iliyofuliwa mara nyingi. Waitaliano, Lloyd Triestino, walileta Africa na Europa, zote za mwaka 1952. Wafaransa walitoka Marseille kwenda Madagascar na Mauritius, wakipitia hapa.

Kwa mwendo: Mombasa hadi Bombay ni kama maili 2,400 za baharini. Karanja ilikwenda maili 16 kwa saa. Piga hesabu, ni siku sita na kitu. London ilikuwa wiki tatu hivi, kwa sababu ya bandari za njiani. Waitaliano walikuwa wepesi kuliko wote, zaidi ya maili 19 kwa saa.

ChapatiMoto
SS Uganda si ndiyo ilizamishwa kwenye vita vya Falklands? Mjomba wako ana bahati alishuka mapema.

DohaniMbili
Haikuzamishwa. Mwaka 1967 iliacha njia ya Afrika Mashariki ikageuzwa meli ya kutembeza watoto wa shule. Mwaka 1982 ilikuwa Bahari ya Kati na watoto ndani, serikali ya Uingereza ikaitaka. Watoto wakateremshwa Naples, ikapakwa rangi nyeupe na misalaba myekundu, ikaenda Falklands kuwa hospitali. Ilipelekwa Taiwan kuvunjwa mwaka 1986, na kabla hawajaivunja kimbunga kikaiangusha ubavu. Nduguye Kenya ilikuwa imeshavunjwa tangu 1969.

BintiWaKuze
Mwanangu wa Ganjoni, mimi nilipanda Karanja mwaka 1966, nina miaka tisa. Babangu alikuwa akipelekwa kutibiwa macho Bombay na mimi nikawa fimbo yake. Tulikuwa abiria wa deki.

Deki ni hivi: kila jamaa mkeka wao, godoro lililokunjwa, jagi la maji, kapu la vyakula. Mpaka wako ni mkeka wako. Mahamri ya mama yalidumu siku tatu, ya nne yakawa mawe, tukawa twayachovya ndani ya chai hadi yanasalimu amri. Achari ya embe ndiyo iliyotuokoa. Mle melini kulikuwa na jiko la Waislamu na jiko la Wahindu, mbalimbali, na ikifika saa tano asubuhi harufu za bizari zilikutana juu ya vichwa vyetu zikagombana.

Mkeka wa pili yake alikuwa mama mmoja wa Kiunguja na kasuku ndani ya tundu, limefunikwa kanga. Kasuku yule neno lake lilikuwa moja: "Hodi!" Usiku kucha hodi, na babangu haoni, kila mara yuwajibu karibu.

Mawimbi? Ulikuwa mwezi wa saba na kusi limekaza. Siku ya pili deki nzima ililala chali. Nilinusa ndimu mpaka pua ikaniwasha. Lakini tuliporudi mwezi wa kumi na mbili, na kaskazi, meli ileile, bahari ilikuwa kama kaniki iliyopigwa pasi. Kwa hivyo mimi nikiulizwa meli gani tamu, huuliza kwanza mwezi gani.

MzeeWaGatini
Salaam. Naandikiwa na mjukuu wangu, mimi nasema yeye abonyeza.

Niliingia kazi ya ukuli Kilindini mwaka 1964. Nyinyi mwazijua hizi meli kutoka juu, sisi twazijua kutoka tumboni. Uganda ilikuwa meli ya mizigo iliyovaa nguo za abiria. Juu watu wala keki na muziki, chini twajaza kahawa, chai, pamba na mkonge. Abiria hawakufika hata 300.

Karanja ilikuwa kinyume, mzigo mkubwa ni watu. Siku yake ya kuondoka gati lilikuwa kama sikukuu. Kwa kila msafiri mmoja waliomsindikiza ni kumi, na wote wataka kupanda ngazi "dakika moja tu". Honi ya kwanza, hakuna anayeshuka. Ya pili, kilio. Ya tatu ndipo watu waruka. Halafu wakimbilia kule Laithausi, chini ya mibuyu, maana meli ikitoka Kilindini lazima ipite pale karibu kabisa. Mtu yuwapunga leso na kutafuna muhogo wakati mmoja.

Lile sanduku la mamako nitakwambia. Kulikuwa na karatasi za namna mbili. Mzigo wenye ile ya "lahitajika safarini" twauweka mahali mwenyewe aweza kuomba afunguliwe. Wenye "halihitajiki" washuka ngama, chini kabisa tumboni mwa meli, juu yake magunia, na hauonekani tena hadi mwisho wa safari. Alie, apige kelele, hautoki. Muulize mamako lilikuwa na nini ndani.

MstaafuKizingo
Mzee wa gatini, shikamoo. Umenikumbusha mkasa wa sanduku langu, lakini kampuni siitaji. Lilipita bandari yangu likaenda bandari ya mbele, likarudi baada ya miezi miwili, ndani vitabu na harufu ya samaki. Tuyaache hayo.

Mimi ni upande wa rafiki yake mjomba. Nilipanda Europa, Januari 1964, vijana watano tukienda kusoma. Mogadishu, Aden, Suez, Port Said, Brindisi, kisha Venice, halafu gari la moshi hadi London. Wengi wetu tulipenda njia hii kwa sababu unaokoa siku kadhaa kuliko kwenda na bahari moja kwa moja.

Usiku wa kwanza tukaletewa tambi. Sasa wewe mtoto wa Mombasa, tambi unazijua: nazi, sukari, iliki, zabibu. Hizi zilikuja na mchuzi mwekundu juu. Tukakaa kimya, mikono mapajani, tukingojea sukari. Mhudumu akapita mara tatu akidhani twasali. Mwishowe mwenzetu mmoja akachota sukari ya chai akamwaga juu ya nyanya. Uso wa yule Mtaliano sitausahau. Alizichukua zile sahani kwa upole kama mtu anayebeba maiti, akarudi na mkate na samaki.

Port Said wale wachuuzi wa mashuani walikuwa na mwanamazingaombwe, akapanda sitahani, akatoa kifaranga kwenye sikio langu. Kifaranga kweli, chalia! Nilijipapasa sikio hadi Brindisi.

Na Venice ilikuwa baridi ambayo sikuwahi kuihisi, mimi na koti la mtumba lililonibana makwapa. Lakini kwa meli yenyewe: bwawa la kuogelea, muziki, na mwendo. Ilikata maji. BI ilikuwa meli ya maofisa wanaorudi likizo. Mtaliano alikuwa akienda sherehe.

ChapatiMoto
Sukari juu ya nyanya 😂 Na hiyo Europa iliishia wapi?

DohaniMbili
Iliuzwa 1976 kwa mtu wa Jeddah, ikaitwa Blue Sea, ya kubebea mahujaji. Mwaka uohuo ikashika moto na kuzama palepale Jeddah.

Ila kama wataka mwisho wa ajabu, ni ule wa Jean Laborde, moja ya zile nne za Wafaransa za njia ya Madagascar. Ilibadilishwa jina mara nyingi, ya mwisho Oceanos. Agosti 1991 ilizama pwani ya Afrika Kusini katika dhoruba, na watu wote 571 wakaokolewa, wengi kwa helikopta. Waliosimamia uokoaji ndani ya meli ni wanamuziki na watumbuizaji, kwa sababu nahodha na mabaharia wengi waliondoka kabla ya abiria. Kwa hiyo kwenye orodha ya ulinganisho ongeza hili: mpiga gitaa.

MjukuuWaOldTown
Msisahau kwamba njia ya Bombay haikuwa tamu wakati wote. Nyumbani kwetu jina Tilawa halikutajwa mbele ya bibi. Nayo ilikuwa ya BI, ikija Mombasa kutoka Bombay, Novemba 1942. Nyambizi ya Wajapani ikaipiga katikati ya bahari. Waliofariki ni 280. Bibi alimngojea nduguye pale Kilindini na maua ya asumini, na kwa maisha yake yote hakuyavaa tena.

BintiWaKuze
Innalillahi. Hata sisi tulipokuwa deki mwaka 1966 wazee walikuwa bado wakilitaja hilo usiku, kwa sauti ya chini, watoto tukijifanya tumelala.

BaharIaMkavu
Na jahazi hamlitaji? Babu yangu alikwenda na kurudi Bombay kwa tanga na upepo wa Mungu, bure.

MzeeWaGatini
Bure, ndiyo. Na akingojea kusi miezi mingapi?

MstaafuKizingo
Kusema kweli kilichoua haya mambo si meli mbovu, ni ndege. East African Airways walipoleta Super VC10 mwaka 1966, wanafunzi waliotufuata walilala Nairobi wakaamka London. Halafu Juni 1967 Mfereji wa Suez ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1975. Meli ikabidi izunguke rasi ya kusini, na nani atakaa baharini muda wote huo?

DohaniMbili
Karanja ndiyo iliyodumu, hadi 1976. Sehemu ya sababu ni hao wa deki na mizigo yao. Ndege haikubali mkeka, jagi, kapu na kasuku. Na Seychelles hawakuwa na uwanja wa ndege mpaka mwanzo wa miaka ya 1970, kwa hivyo kule meli ndiyo ilikuwa mlango wa pekee.

Hukumu yangu, kama wataka hukumu: kwa chakula na raha, Mtaliano, na sukari uchukue yako. Kwa utulivu na adabu za mezani, Uganda. Kwa hadithi za kusimulia miaka sitini baadaye, Karanja, na hasa deki. Watu wa daraja la kwanza niliowahi kuwasikia hukumbuka menyu.

KijanaWaGanjoni
Nashukuru sana wazee wangu. Nimewasomea wote wawili jana usiku, simu juu ya kitanga cha kahawa.

Mjomba alianza vizuri, akitabasamu kwa "adabu za mezani". Tulipofika kwa maneno ya Mzee wa gatini juu ya karatasi ya sanduku, akanyamaza. Akaomba tuendelee na ya Mtaliano. Mama akasema hapana, rudia hapo.

Kumbe aliyebandika ile karatasi ni mjomba mwenyewe! Mwaka 1968, amesharudi kutoka Uingereza, ndiye aliyejua Kiingereza cha melini, akamsindikiza dada yake gatini. Nimelitoa sanduku, nimelipangusa: jina la mama limeandikwa kwa wino, na ile M yenye mkia ni ya mjomba, haikatai. Mama alikuwa daraja la pili. Nguo zake zote, marashi yake, na kilo mbili za halwa alizopelekea jamaa, vyote chini ya magunia ya watu. Alifika Bombay siku ya saba na gauni lilelile aliloagwa nalo. Halwa ilikuwa imeota ndevu.

Kumbe kesi haikuwa ya meli hata kidogo. Mjomba ajitetea kwamba alidhani maana yake ni "lisitupwetupwe".

Europa haikutajwa tena usiku ule. Mama ana swali moja tu, kwa bibi wa Kuze: yule kasuku alifika?

BintiWaKuze
Alifika, mwambie. Foroda ya Bombay ofisa akafunua kanga kukagua, kasuku akamwambia hodi. Na babangu, kutoka nyuma ya foleni: "Karibu."