Ofisi ya nyumba imemfuta mama wa watu kwenye foleni, na hakuna wa kumuuliza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Niko Ohio. Jirani yangu ni mama wa Kikongo aliyeletwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Alijiandikisha foleni ya Section 8, yaani vocha ya serikali kuu ya kusaidia kulipa kodi ya nyumba, watoto wakiwa wadogo. Leo mkubwa anaendesha gari. Juzi nimemsindikiza akaulizie amefikia wapi, tukaambiwa jina lilishafutwa. Eti alitumiwa barua athibitishe kama bado anahitaji msaada, hakujibu. Barua yenyewe ya Kiingereza, siku kumi za kujibu, imepelekwa anwani aliyohama zamani.

Anwani mpya alishawapa. Karatasi yenye mhuri wao anayo, kaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya watoto. Akaisukuma pale dirishani. Yule dada hata hakuigusa: "Kwenye mfumo haipo." Basi, aliyefuata!

Huko nyuma mkalimani wake alikuwa binti yake wa miaka 12. Ofisi inayokula pesa za serikali kuu inaona sawa mtoto ndiye amtafsirie mama yake kwamba nyumba hamna. Najua Trump alifuta amri ya Clinton ya mwaka 2000 iliyotaka ofisi kama hizi ziwahudumie na wasiojua Kiingereza. Sheria ya haki za kiraia ya 1964, inayozikataza kubagua mtu kwa asili yake, hakuifuta.

Sasa sikieni hili. Mamlaka hizi za nyumba zinatakiwa kuitisha kikao cha wazi kuhusu mpango wao, na kukitangaza siku 45 kabla. Tangazo nimelikuta limebandikwa ndani ya ofisi ambayo huingii bila miadi. Miadi unachukua kwa simu. Simu inakwambia sanduku la ujumbe limejaa. Na kikao ni saa nne asubuhi, katikati ya wiki, watu wako maghalani wanapakia mizigo. Halafu wataandika kwamba wananchi hawakuwa na maoni!

Pesa hazitoshi, hilo silibishi. Nchi nzima, katika kila familia nne zenye sifa, ni kama moja tu inayopata. Hiyo ni kesi ya Washington, karani wa mji simlaumu. Lakini foleni ina watu wangapi? Mwaka huu wamefutwa wangapi, kwa sababu gani? Vocha ngapi zimekufa mikononi mwa watu kwa kuwa zile siku 60 za kutafuta nyumba ziliisha na kila mwenye nyumba anakataa? Kubandika namba hizo mlangoni, upande wa nje, kunahitaji bajeti ya nani?

Kama kuna mdau aliyefutwa akarudishwa nafasi yake ileile, si mkiani, aweke hapa alivyofanya: alikata rufaa mwenyewe au kwa wanasheria wa msaada wa bure? Ushahidi gani ulikubaliwa? Na wale wa "vumilieni, mko ugenini", uzi huu mpiteni.