Hilux 5L inagoma kuwaka asubuhi za baridi Makete: nianze na hita plagi, betri au pampu?

MkulimaWaTandala

Wakuu, habari za majukumu. Nina Hilux ya injini 5L, isiyo na tabo, inabeba viazi kutoka shambani hadi Makambako. Tangu mwezi wa sita uingie na baridi yake, asubuhi imekuwa mateso. Stata inazunguka vizuri, injini inakohoa, inatoa moshi mweupe unaowasha macho, kisha inazima. Nikirudia rudia inashika, inatetemeka sana, na baada ya dakika chache inatulia. Kutwa nzima haina shida tena. Ikilala, kesho yake ni yaleyale. Ajabu ni kwamba ikishuka Dar inawaka mara moja tu.

Nimeshauriwa mambo manne. Fundi mmoja anasema nibadilishe hita plagi zote, vile vijiti vya umeme vinavyopasha ndani ya injini kabla ya kuwaka. Wa pili anataka nifunge betri kubwa zaidi. Wa tatu anasema pampu ya dizeli na nozeli zinazoimwaga kwenye silinda zishushwe zikapimwe. Dereva mwenzangu yeye ananiambia niweke kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa na kupiga stata. Huyo wa betri anadai plagi ni nzima kwa sababu taa ya njano ya dashibodi inawaka na kuzima kama kawaida. Kwa sasa pesa inatosha jambo moja. Lipi litangulie?

FundiDizeli_Uyole

Mkuu, pole na baridi. Usinunue chochote kwanza. Baridi ya huko haijaleta ugonjwa mpya kwenye injini yako, imefichua uliokuwepo, na dalili ulizozitaja zinatosha kuelekeza mkono.

Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyofika ndani ya silinda ikakosa kuungua. Maana yake pampu inasukuma na nozeli zinamwaga, ila joto halijatosha. Kwa hiyo pampu iondoe kwenye orodha kwa leo. Na kama stata inazunguka kwa kasi ileile ya siku zote, betri nayo ishuke hadi nafasi ya pili.

Sasa angalia 5L ilivyo. Dizeli haimwagwi moja kwa moja juu ya pistoni, inamwagwa kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi. Chuma cha chumba hicho kikiwa cha baridi kinanyonya joto la hewa iliyobanwa. Ndiyo maana injini za Toyota kama 5L, 3L, 2L na hata 1HZ zinategemea sana hita plagi, tofauti na zile mpya zaidi za D-4D ambazo humwaga dizeli juu ya pistoni na huweza kuvumilia baridi ya wastani hata plagi zikiwa zimechoka. Ongeza na mwinuko. Huko mko kwenye mita 2,000 na zaidi, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Hewa pungufu ikibanwa haitoi joto lile la Dar. Gari yenye plagi mbovu itawaka Dar bila wewe kujua kitu, halafu igome Makete.

Taa ya njano isikudanganye. Ile inahesabu muda tu, haijui kama plagi inawaka au imekufa. Hata plagi zote nne zikifa, taa itaendelea na kazi yake.

Kupima ni rahisi. Fungua lile bamba linalounganisha vichwa vya plagi nne, ili kila moja isimame peke yake. Chukua testa ya taa, ibane kwenye chanya ya betri, kisha gusa kichwa cha kila plagi. Inayowasha taa bado inapitisha umeme. Isiyowasha imekatika ndani. Ukiwa na mita ni bora zaidi: nzima itasoma karibu na omu 1 au chini ya hapo. Halafu rudisha bamba, mtu awashe swichi asubuhi injini ikiwa ya baridi, na wewe upime umeme kwenye bamba lenyewe. Usipofika, tatizo ni relei (swichi inayopeleka umeme kwenye plagi) au fyuzi yake kubwa, na plagi mpya hazitasaidia chochote.

Hicho kitambaa cha petroli kiache kabisa. Mvuke wa petroli ukikutana na plagi iliyo moto au hewa iliyobanwa, unalipuka kabla pistoni haijafika juu. Nimefungua injini za namna hiyo: ringi zimevunjika, kingo za pistoni zimemeguka. Spirei za kuwashia ni hatari ileile kwenye injini yenye hita plagi.

DerevaKinangop

Hujambo ndugu. Mimi niko Nyandarua, nabeba maziwa na Land Cruiser ya 1HZ, na baridi ya Julai tunaijua. Fundi amesema kweli, lakini niongeze jambo moja kwa wenye dalili tofauti na zako.

Yangu ilikuwa inazunguka muda mrefu asubuhi bila moshi wowote. Nilibadilisha plagi, hakuna lililobadilika. Makanika mmoja mzee wa Naivasha aliuliza swali moja tu: unaona moshi? Nikasema hapana. Akasema basi dizeli haifiki. Akaweka kipande cha mpira unaoonekana ndani kati ya filta na pampu, na asubuhi tukaona mapovu yakipita. Ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ngozi yake ya ndani ilikuwa imepasuka, inavuta hewa, na usiku dizeli inarudi tangini. Ukitaka kujua bila kufungua kitu: kabla ya kuwasha asubuhi, bonyeza ile pampu ya mkono. Ikiwa laini kwanza kisha ikakaza, na gari ikawaka mara moja, mwizi ni hewa.

MamaParachichi

Kaka, kabla hujafika kwa fundi yeyote, angalia unatumia oili gani. Wengi huku Njombe bado wanamwaga SAE 40 tupu kwa sababu ya bei. Ikipoa usiku inakuwa nzito na injini inazunguka kwa shida. Sisi pikapu ya shamba tuliihamishia 15W-40, ambayo haiwi nzito hivyo kwenye baridi, na stata ikabadilika sauti kabisa. Nyingine ni vichwa vya betri na waya wa ethi unaoshuka kwenye injini. Vivue, visugue hadi ving'ae, vikaze. Mafundi wengi wanauza betri mahali panapohitaji msasa.

FundiDizeli_Uyole

Sahihi kabisa dada. Na kwa wanaobishania betri, pimeni wakati stata inazunguka, siyo gari ikiwa imezimwa. Volti 12.6 ikiwa imepumzika haithibitishi nguvu. Ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kuzungusha, hapo kuna hoja: betri imechoka, au nyaya, au stata yenyewe inakula umeme mwingi. Ikitoa mlio wa "tak" bila kuzunguka, kwenye stata nyingi za Toyota ni zile shaba mbili za ndani zimelika. Ni kazi ndogo, hamna haja ya kununua stata nzima.

Msafiri_MN

Ndugu zangu, salamu kutoka Minnesota, mimi mzaliwa wa Bukavu, naendesha lori huku. Nimesoma na ninaona watu wengine wanaweza kuiga mambo ya huku bila sababu, basi niseme.

Huku joto linashuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo mazutu yenyewe, yaani dizeli, yanatoa nta na kuganda, kama mafuta ya nazi asubuhi, na filta inaziba. Ndiyo maana vituo vinauza mazutu mepesi ya majira ya baridi, tunaongeza dawa ya kuzuia kuganda kabla baridi haijafika, na magari yana hita ya umeme inayopasha maji ya injini usiku kucha. Malori mapya yanatumia pia ule mchanganyiko wa urea wa kusafisha moshi, na wenyewe unaganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri.

Lakini dalili za mazutu kuganda si hizi. Gari huwaka kwa kile kilichobaki karibu na pampu, kisha hukosa nguvu na kuzima njiani, na ukifungua filta unakuta uji mweupe. Hakuna moshi mweupe mwingi wakati wa kuwasha. Ndugu wa Tandala, hita ya maji ni kitu kizuri ila itakuwa inafunika kasoro ya plagi, na umeme wa usiku kucha una gharama yake.

KijanaWaMakete

Wengine huku tunachanganya mafuta ya taa kidogo wakati wa baridi. Si inasaidia?

FundiDizeli_Uyole

Inasaidia pale dizeli inapoganda, kama alivyoeleza ndugu wa Minnesota. Kwa tatizo hili haigusi chochote. Na madhara yapo: pampu ya 5L inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni makavu. Kwa D-4D ni mbaya zaidi, maana pampu yake inafanya kazi kwa shinikizo kubwa mno. Tulishapigana vya kutosha na uchakachuaji wa vituoni, tusiulete wenyewe nyumbani.

Kwa wale wanaokoka moto chini ya injini asubuhi: pale juu pana mipira ya dizeli na nyaya zenye mafuta. Chemsheni maji, muyamwage taratibu kwenye kitambaa kilichozungushwa kwenye njia ya hewa ya kuingilia. Inapasha kidogo, na haiunguzi gari.

MkulimaWaTandala

Wakuu, nimepima leo. Plagi ya pili na ya tatu haziwashi testa kabisa. Ya kwanza na ya nne zinawasha. Umeme kwenye bamba unafika vizuri, zaidi ya volti 11. Pampu ya mkono ilikuwa ngumu tangu mwanzo, kwa hiyo hewa hakuna. Niko dukani Njombe, muuzaji ananionyesha aina mbili zinazofanana umbo, moja imeandikwa 6V na nyingine 12V. Nichukue ipi, na je, ninunue mbili tu?

FundiDizeli_Uyole

Soma maandishi kwenye zile za zamani ulizotoa, nunua volti ileile. Kama umeme unaofika ni wa volti 11 na zaidi muda wote, plagi ya 6V itaungua haraka na ncha yake inaweza kuvimba, ikakatikia ndani ya hedi. Chukua zote nne za aina moja. Zile mbili zilizobaki zina umri uleule, na zikitofautiana kupata moto injini itaendelea kutetemeka.

Kabla ya kufunga, safisha matundu, masizi yakiwa mengi ncha haitakaa vizuri. Anza kukaza kwa vidole, spana iwe ya mwisho na isitumie nguvu nyingi, nyuzi za hedi ni rahisi kuziharibu kuliko kuzichonga upya. Asubuhi washa swichi, subiri taa izime, subiri sekunde chache zaidi, ndipo upige stata. Ikiendelea na moshi mweupe baada ya hapo, usibadilishe kitu kingine. Njoo Uyole tupime kampresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya kila silinda.