Mawingu ya Mshtarii: nitajuaje kwamba yamebadilika kweli?

Mtazamaji, Iringa

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninatumia darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 150, na tangu Januari hii ya 2026, Mshtarii ilipokuwa mkabala na Jua, nimekuwa nikiichora kila ninapopata usiku usio na mawingu. Kanda mbili za kahawia zilizo pande mbili za ikweta yake ninaziona bila shida, na hewa inapotulia ninaliona pia Doa Kubwa Jekundu, ile dhoruba kubwa ya sayari hii, ingawa machoni pangu ni la waridi iliyofifia kuliko jekundu.

Tatizo ni kwamba michoro yangu haipatani. Usiku mmoja, saa tatu, doa lilikuwa katikati ya sayari. Siku mbili baadaye, saa ile ile, lilikuwa ukingoni na kwa shida likaonekana. Chini ya ukanda wa kaskazini kulikuwa na vijiti vya samawati iliyokolea ambavyo wiki iliyofuata nilivikuta vimehama ukivilinganisha na doa. Tena mara moja nikaona kitone cheusi, cha duara kamili, ambacho baada ya saa mbili hivi kilikuwa kimetoweka. Katika hayo yote, ni lipi badiliko la kweli la mawingu, na ni lipi linalotokana na macho yangu au hewa ya huku? Je, kwa darubini ya ukubwa huu kuna kazi ya maana ya kufanya, au nitazame kwa kujifurahisha tu?

Mwalimu wa fizikia, Tanga

Ndugu wa Iringa, uliyoyaona yote ni ya kweli, lakini hakuna hata moja lililo geni kwa sayari ile.

Kitone cheusi ndicho chepesi kueleza: karibu hakika ni kivuli cha mmoja wa miezi minne mikubwa, kinachopita juu ya mawingu. Kivuli cha Io, mmojawapo wa miezi hiyo, huvuka uso wa sayari kwa zaidi kidogo ya saa mbili. Kitone cha namna hiyo kikikusumbua tena, tafuta kwanza ratiba ya miezi, kisha ndipo ushangae.

Kuhusu doa, kumbuka kwamba Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa kumi, na kwa kuwa tunachokiona ni mawingu matupu, latitudo zake haziendi kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana watazamaji hutumia mifumo ya longitudo inayotofautiana: Mfumo wa I ni wa eneo la ikweta, nao hukamilisha mzunguko kwa saa 9, dakika 50 na sekunde 30, Mfumo wa II, unaotumika kwa sehemu nyingine pamoja na doa lenyewe, huchukua saa 9, dakika 55 na sekunde 41. Mizunguko mitano ya mfumo huu wa pili ni siku mbili, saa moja na dakika 38. Kwa hiyo doa lililofika katikati saa tatu kamili usiku, siku mbili baadaye litafika katikati saa nne na dakika 38, na wewe ulipotazama saa tatu lilikuwa bado na takriban nyuzi 59 za kusafiri. Ungesubiri kidogo, ungelikuta.

Vile vijiti vya samawati vimo katika mkondo wa ikweta, ambao hulitangulia doa kwa nyuzi 7.6 hivi kila siku, yaani zaidi ya nyuzi 50 kwa wiki. Hapo mawingu yamesogea kweli, lakini ni mwendo wao wa kila siku, kama vile kaskazi inavyovuma kaskazi.

Badiliko linalostahili kuandikwa ni lile linalosalia baada ya kuondoa hesabu hizo zote, na hesabu haiwezekani bila saa. Sayari hugeuka nyuzi 0.6 kwa dakika, ambazo kwenye ikweta yake ni takriban kilomita 750. Darubini yako, hewa ikiwa tulivu kabisa, haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko kilomita 2,400 hivi. Ukiandika dakika ambayo alama fulani imefika kwenye mstari wa katikati, hata ukikosea kwa dakika moja au mbili, umepata nafasi yake kwa usahihi ambao jicho peke yake lisingeupata. Alama ile ile ikifuatwa kwa mwezi mzima, inayochelewa au kuwahi kuliko hesabu hujidhihirisha yenyewe.

Mpiga picha wa anga, Nairobi

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu saa, ila kuhusu michoro nina shaka. Siku hizi kamera ndogo ya sayari hupiga maelfu ya picha kwa dakika chache, na programu huchagua zile ambazo hewa haikuzitikisa, ikaziunganisha kuwa moja. Kisha programu nyingine, WinJUPOS, hupima longitudo ya alama yoyote kutoka kwenye picha hiyo. Mchoro una mkono wa mchoraji ndani yake.

Kamera pia huona ambavyo jicho haliwezi. Gesi ya metani hufyonza mwanga wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 889, kwa hiyo ukiweka kichujio cha mwanga huo, sayari nzima hufifia isipokuwa mawingu yaliyopanda juu sana. Ndivyo Clyde Foster, mtazamaji asiye wa kulipwa wa Centurion, Afrika Kusini, alivyoona doa jeupe jipya tarehe 31 Mei 2020, karibu na Doa Kubwa Jekundu. Katika picha zilizopigwa Australia saa chache kabla halikuwapo. Siku mbili baadaye Juno, chombo cha anga kinachoizunguka Mshtarii, kikapita karibu na sayari na kulipiga picha kwa karibu.

Baharia mstaafu, Unguja

Kijana wa Nairobi, kamera nayo ina mkono wa mtu ndani yake. Nimeona picha zilizonolewa kwa kompyuta hadi ukingo wa sayari ukaota pete isiyokuwapo, na kila doa jeupe likazungushiwa mstari mweusi. Picha iliyonolewa kupita kiasi hudanganya kuliko mchoro wa mtu mwaminifu, kwa sababu watu huiamini.

Huyu ndugu wa Iringa ana darubini ya milimita 150. Agosti 1933 Will Hay, mchekeshaji wa jukwaani na filamu wa Uingereza, aliona doa kubwa jeupe limezuka kwenye Zohali akiwa London kwa darubini ya lenzi ya kipenyo hicho hicho, inchi sita. Hakuwa na kamera iliyomsaidia. Alikuwa ameizoea sayari ile, hivyo kigeni kilipotokea alikitambua.

Mambo makubwa hayahitaji kioo kikubwa. Mwaka 2010 ukanda wa kusini wa Mshtarii ulififia hadi ukawa kama haupo, kwa kufunikwa na mawingu meupe ya barafu ya amonia, na mtu yeyote mwenye darubini ndogo aliona sayari ina ukanda mmoja badala ya miwili. Doa lenyewe, lililokuwa na urefu wa kilomita 40,000 hivi mwishoni mwa karne ya 19, sasa lina karibu kilomita 16,000. Mtazamaji wa wakati ule alihesabu karibu saa nzima tangu ncha ya mbele ivuke mstari wa katikati hadi ncha ya nyuma. Wewe utahesabu dakika 20 na kidogo. Jaribu mwenyewe kwa saa ya mkononi.

Mchoro umalize ndani ya dakika 15, maana kwa muda huo sayari imekwisha kugeuka nyuzi tisa. Andika juu yake upande upi ni kusini, kwa sababu darubini yako hugeuza picha juu chini. Kioo kitoe nje saa moja kabla, kipoe.

Mtazamaji, Iringa

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nimerudia michoro ya doa kwa hesabu ya Mwalimu nayo yote imekaa mahali pake, isipokuwa mmoja ambao sikuuandikia saa. Sasa nauliza: nikiona siku moja kitu ambacho kweli hakimo katika hesabu, doa jeupe kali kwa mfano, nifanye nini?

Mwalimu wa fizikia, Tanga

Kwanza ungoje nusu saa. Kitu kilicho kwenye sayari kitasogea pamoja na sayari. Vumbi la kwenye lenzi na mchezo wa hewa havitasogea hivyo. Kisha umtafute mtu wa pili. Tarehe 3 Juni 2010 Anthony Wesley akiwa Australia alirekodi mwako wa ghafla kwenye Mshtarii, kitu fulani kilipoigonga. Jambo lilithibitika upesi kwa sababu Christopher Go, huko Cebu, Ufilipino, alikuwa amerekodi mwako huo huo kwa wakati ule ule. Go ndiye pia aliyeona, tarehe 9 Novemba mwaka huo, kidoa cheupe kidogo ndani ya ukanda uliofifia, na hicho kilikuwa chanzo cha ukanda kurudi.

Taarifa hupelekwa kwenye kitengo cha Mshtarii cha British Astronomical Association, chama cha watazamaji wa anga cha Uingereza, au kwa ALPO, chama cha Marekani cha watazamaji wa Mwezi na sayari. Hawapokei muda wa Afrika Mashariki, sembuse wa Kiswahili. Saa za usiku ziongezee 15 upate saa za ulimwengu: saa tatu na dakika 12 usiku ni 18:12. Tarehe ibaki ya jioni uliyoanzia hadi saa tisa usiku. Ukiandika tu “usiku wa Jumamosi”, sisi wenyewe hatutajua kama ni wa kuamkia Jumapili au wa kuamkia Jumamosi, seuze wao.

Unacho kitu kimoja ambacho wenzetu wa Ulaya hukosa kwa miaka kadhaa mfululizo. Mwaka 2019 na 2020 Mshtarii ilikuwa kusini sana mwa anga, na huko London haikupanda zaidi ya nyuzi 16 hivi juu ya upeo, ndani ya hewa nzito. Kwetu hupita juu kila msimu.

Mpiga picha wa anga, Nairobi

Mzee, hoja ya pete naikubali. Nitaweka pia picha isiyonolewa. Ndugu wa Iringa, anga ikiruhusu nitakuwa kwenye Mshtarii Jumamosi jioni kuanzia saa mbili. Andika dakika za ncha mbili za doa bila kutazama picha zangu, uziweke hapa, nami nitaweka vipimo vyangu baada yako.