Msaada: mboga za kuoka zisizo na gluteni zinanitokea zimelowa badala ya kukauka kau

Chumvi_Kiasi

Wakuu, habari zenu. Akili imefika ukingoni, naomba msaada.

Wifi yangu mwaka jana aligundulika ana siliaki, ugonjwa unaomkataza gluteni, ile protini ya kwenye nafaka kama ngano. Kwa hiyo ngano, shayiri na rai kwake ni marufuku, hata punje. Jumamosi ijayo anakuja na wenzake wanane, na kwa kiherehere changu nimeahidi kwamba vitafunwa vyote vya kutangulia chakula vitakuwa vya mboga, vya kuoka, na yeye atakula kila kitakachokuwa mezani. Sitaki tena kumwona ametengewa kisahani chake pembeni.

Nimejaribu mara tatu. Naosha koliflawa, biringanya na zukini, nakata, nachovya kwenye yai, nabingirisha kwenye unga wa mchele niliochanganya na kornfleksi za kuponda, napanga zote kwenye trei moja na kuoka nyuzi 180 kwa dakika 30. Zikitoka, juu zimepauka kama zimepakwa chokaa, chini zimelowa chapachapa. Nikiinua kipande, ganda linabaki kwenye karatasi, mboga inakuja uchi. Mara ya tatu nikaacha mpaka dakika 50. Nje ngozi ya kiatu, ndani uji.

Nahisi tatizo ni unga wa mchele. Nitumie unga gani? Kukaanga sitaki. Watu tisa, siwezi kusimama juu ya mafuta nikigeuza huku wao wanapiga soga.

Nusu_Kibaba

Kaanga tu dada, mengine yote ni kujitesa.

Chumvi_Kiasi

Mkuu, umesoma mpaka mwisho lakini?

Mzee_wa_Oveni

Dada, unga wa mchele umeusingizia. Tatizo lako ni maji.

Koliflawa karibu asilimia 92 ni maji, biringanya vivyo hivyo, zukini inafika 95. Umeziosha, ukazikata, ukazichovya kwenye yai, ukazibananisha kwenye trei moja. Maadamu juu ya kipande kuna unyevu, pale juu joto halivuki nyuzi 100, hata oveni iwake namna gani, kwa sababu moto wote unaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Na mboga haianzi kupata rangi ya kahawia na ile harufu ya kuchomeka vizuri mpaka ifike kwenye nyuzi 140 hivi. Ulichofanya wewe ni kupika kwa mvuke, tofauti ni kwamba hukutumia sufuria.

Dakika 50 hazikusaidia kwa sababu joto lilikuwa dogo. Mboga inalainika ndani muda wote huo, ganda linakauka taratibu na kugeuka ngozi. Unataka kinyume chake: moto mkali, muda mfupi.

Fanya hivi. Osha mboga mapema, hata asubuhi, uzitandaze kwenye kitambaa safi zikauke kabisa kabla ya kuzigusa tena. Biringanya na zukini kata, nyunyizia chumvi, acha nusu saa, halafu zifunge kwenye kitambaa ukamue kama unakamua nguo. Mara ya kwanza kufanya hivyo, zukini mbili za wastani zilinitolea karibu nusu kikombe cha maji. Nilisimama nalitazama lile bakuli nikaelewa kwa nini miaka yote nilikuwa nakula zukini za kulowa.

Oveni iwe 220, na trei iwe humo humo, tupu, ikipata moto. Ukimwaga mboga usikie chwaa. Usiposikia, itoe, subiri kidogo. Kati ya kipande na kipande pawe na nafasi ya kupita kidole, maana yake utahitaji trei mbili, pengine tatu. Geuza mara moja katikati. Koliflawa iliyokatwa ukubwa wa gololi kubwa haizidi dakika 25.

Kuhusu gluteni yenyewe, kazi yake kwenye ganda la ngano ni kushika, kama wavu. Ukiiondoa, ganda linabomoka kirahisi, ndiyo maana lako linabaki kwenye karatasi. Kwenye ukavu, unga usio na gluteni una nafuu kuliko ngano, kwa sababu hakuna kinachovutika kama mpira.

Bibi_Karafuu

Mwanangu, kabla hujafika kwenye maji, kachukue lile boksi la kornfleksi usome maandishi madogo ubavuni.

Mahindi hayana gluteni, hilo kweli. Lakini kornfleksi nyingi zinakolezwa ladha kwa kimea cha shayiri. Mimi nilimpa mjukuu wangu nikiamini ni mahindi matupu. Siku mbili mtoto tumbo limevimba kama ngoma, nami nahangaika kutafuta alikula wapi mkate.

Chumvi_Kiasi

Bibi shikamoo. Nimeenda kusoma sasa hivi. "Mahindi, sukari, chumvi, dondoo ya kimea cha shayiri." Nimekaa chini.

Bahati majaribio yote matatu tuliyala mimi na mume wangu.

Bibi_Karafuu

Marahaba mwanangu. Usijilaumu, mahali inakojificha ni pengi. Sosi ya soya ya kawaida inatengenezwa kwa soya na ngano. Viungo vya unga vilivyochanganywa tayari, baadhi vinaongezwa unga wa ngano visigande. Beking pauda nyingine zina wanga wa ngano. Oti zenyewe hazina gluteni ya ngano, lakini zinalimwa na kusagwa pamoja nayo, kwa hiyo chukua zile zilizoandikwa hazina gluteni tu, na umuulize kwanza, maana wapo wenye siliaki ambao hata hizo zinawasumbua. Na jihadhari na majina, maana wapo wanaoita oti "shayiri" na kuna shayiri yenyewe. Ukiuliza mtu badala ya kusoma boksi, mtaelewana vibaya.

Pakiti ikiandikwa "haina ngano" bado si tiketi. Shayiri na rai zinaweza kuwemo.

Halafu vyombo. Ubao wa mbao uliokatiwa mikate, chujio la unga, mwiko wenye nyufa, viweke kando siku hiyo. Karatasi mpya kwenye trei. Na usioke mkate wa ngano asubuhi ile, vumbi lake linaelea na kutua kila mahali.

Moshi_Hewani

Hivi haya mambo ya gluteni si fasheni tu jamani? Na si ukioka kwa 220 inakufa?

Tumbo_Langu

Mkuu, gluteni ni protini, si mdudu. Haina uhai wa kuuawa na moto. Mkate umeokwa na bado unaniangusha.

Mimi nina siliaki. Nikila gluteni, kinga yangu ya mwili inaushambulia utumbo wangu mwembamba. Vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinalala, na hapo unaweza kula ukashiba na bado ukapungukiwa damu. Hakuna kidonge. Dawa ni kutokula, basi. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, cha chakula kuandikwa "hakina gluteni" ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo nzima. Sasa piga picha makombo ya mkate yaliyobaki kwenye ubao.

Dada Chumvi_Kiasi, nikwambie jambo ambalo wenyeji wengi hawalijui. Nikialikwa, shida yangu ya kwanza haiwi ladha. Ni kwamba mwenyeji amesafisha jikoni kupendeza, pakiti zote ametupa, na mimi naona aibu kuuliza. Naishia kusema nimeshiba. Wewe usitupe. Pakiti ya unga, ya viungo, chupa za sosi, ziache zimepangwa mahali wifi yako atazipita. Hata hasemi kitu, macho yatasoma yenyewe.

Karoti_Moja

Mimi nije kwenye ganda, maana kornfleksi zimeshafukuzwa.

Kwa nusu kilo ya koliflawa, changanya vijiko vikubwa vitatu vya unga wa mchele na vitatu vya wanga wa mahindi. Nasema wanga, ule mweupe laini wa kukazia rojo, ambao ukiubana kati ya vidole unalia kama kukanyaga mchanga mkavu. Unga wa mahindi wa njano au wa sembe ni kitu kingine. Chumvi, pilipili, unga wa vitunguu saumu usio na kitu kingine ndani. Mboga iliyokauka ipake mafuta kwanza, vijiko viwili, ndipo uinyunyizie unga na kutikisa bakuli. Usione unga mweupe umelala juu. Ukiuona, ongeza mafuta matone machache, kwa sababu unga mkavu usioguswa na mafuta haupati rangi, unabaki chokaa. Nadhani ndicho kilichokupata.

Ukitaka ganda nene lenye makombo, chukua mkate usio na gluteni, uukaushe, uuponde, kisha uukaange kwenye kikaango na kijiko cha mafuta mpaka uwe rangi ya asali. Uwe na rangi kabla haujaingia oveni. Dakika 20 hazitoshi kumpa rangi mtu aliyeingia mweupe. Kisha fuata mpangilio huu: wanga kwanza, halafu ute mweupe wa yai uliopigwapigwa, halafu makombo. Ute unateleza kwenye mboga tupu, kwenye wanga unashika. Ile pingili uliyoiruka ndiyo iliyoacha ganda kwenye karatasi.

Mzee_wa_Oveni

Karoti, hapo kwenye yai mimi na wewe hatutakubaliana. Yai ni maji mengine. Tumetoka kukamua zukini kwa jasho halafu tunairudisha kuoga?

Karoti_Moja

Ndiyo maana nikasema ute, kiini kibaki. Na kidogo, uchuruzike kabisa. Kwa koliflawa nakubali si lazima. Kwa biringanya bila yai makombo yote yatamwagika, jaribu uone.

Mzee_wa_Oveni

Biringanya nakupa. Koliflawa sikupi.

Nusu_Kibaba

Je, kile kikaangio cha hewa?

Karoti_Moja

Kizuri, feni yake inafukuza mvuke haraka. Lakini kikapu kinabeba mboga za watu wawili. Kwa tisa utakuwa umeoka awamu tano na ya kwanza imeshalegea. Kama oveni ya dada ina feni, aiwashe na ashushe joto nyuzi 20 hivi. Inafanya kazi ileile.

Dada, ungeacha zukini pia. Si kwamba haiwezekani, ila kwa siku ya wageni unajitafutia presha. Weka maharagwe machanga mabichi, yale yanayoliwa na ganda lake, yana ngozi nyembamba na maji yake hayamwagiki, au dengu kubwa zilizochemshwa na kukaushwa vizuri. Viazi vitamu navyo vinadanganya: sukari yake inaungua kabla unyevu haujatoka, unapata nje nyeusi na ndani teketeke.

Chumvi_Kiasi

Nimerudi na matokeo, jaribio la nne.

Koliflawa na maharagwe machanga: nilipotikisa trei zilikuwa zinagongana kama kokoto. Sikuamini. Nikavunja kimoja karibu na sikio la mume wangu kabla sijampa, akacheka, akala sita. Nilifuata mchele na wanga, mafuta kwanza, bila yai (Mzee umeshinda), trei mbili, nyuzi 220, dakika 24, nikizibadilisha rafu katikati. Ile trei ya chini ilichelewa dakika nne.

Biringanya nilikamua, nikapiga wanga, ute na makombo. Pembeni safi, katikati bado laini kidogo, lakini ganda limeshika (Karoti nawe umeshinda). Nadhani nilikata nene, sentimita mbili. Ijumaa nitajaribu moja.

Zukini sikusikia la mtu, nikaweka vipande vichache kwa ubishi. Hayo tuyaache.

Kosa nililofanya: zilipotoka nikazimwaga kwenye bakuli na kulifunika ili zisipoe. Baada ya dakika kumi, zimelowa upya!

Mzee_wa_Oveni

Umezirudisha kwenye mvuke. Ndani ya kipande bado mna maji ya moto, yanatoka, yanakutana na mfuniko, yananyesha. Ziweke kwenye wavu wa chuma, tabaka moja, wazi. Kama wageni wanachelewa, oveni nyuzi 100 na mlango uache upenyo wa kijiko cha mti. Lakini robo saa usivuke. Afadhali wageni wasubiri mboga kuliko mboga kusubiri wageni, trei ya pili iingie wakati ya kwanza inaliwa.

Tumbo_Langu

Kijiko cha mti kisiwe kile cha kukorogea uji wa ngano tu.

Chumvi_Kiasi

😂 Kimefungiwa kabatini pamoja na ubao. Pakiti nimezipanga juu ya friji, maandishi yametazama mbele.

Bibi_Karafuu

Safi. Na za kuchovya umeandaa nini?

Chumvi_Kiasi

Mbili, Bibi. Moja ya mtindi, kitunguu saumu na ndimu. Nyingine ina asali, tangawizi na sosi ya…

Ngoja nikasome chupa.