Hivi bei za nyumba Dar nani anazipanga? Serikali itangaze bei halisi au tuendelee kudanganyana?

MLETA MADA

Wakuu habari za jioni. Mwaka wa pili huu natafuta nyumba ya kununua, sio pagale, nyumba ya kuhamia kabisa, Goba, Madale, hata Kibamba sio mbaya, na nimefika mahali naomba tulijadili hili kwa uwazi. Mi naona Wizara ya Ardhi itangaze bei ambazo nyumba na viwanja vimeuzwa kweli, mtaa kwa mtaa, kila mtu azione kwenye simu yake. Najua kuna watakaonirukia ila ngoja nieleze.

Dalali kanipeleka Goba, nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta, geti jeusi, ukutani wameandika INAUZWA kwa rangi nyekundu na namba ya simu, ila namba imepakwa chokaa. Dalali anasema milioni 180, maongezi yapo. Nikasema sawa. Wakati tunatoka nikaona ile chokaa nyepesi, ukisimama kwa ubavu jua likipiga tarakimu zote zinasomeka, nikaibeba kichwani mpaka kwenye bodaboda, jioni nikapiga. Akapokea dada mmoja mstaarabu tu, ananiambia kaka sisi tunataka 140. Yaani cha juu milioni 40! Na hapo dalali bado alikuwa anasubiri asilimia yake.

Lakini mi sina ugomvi na dalali, nae anatafuta riziki. Hiyo 140 yenyewe imetoka wapi? Nikamuuliza dada, akasema jirani yao aliuza 150. Huyo jirani nikaja kuonana nae kwa bahati tu, anacheka, aliuza 95 ila hakutaka ndugu zake wajue (labda aliona aibu kuuza bei ya kutupa, sikuelewa vizuri). Kwa hiyo uchochoro mzima unapanga bei kwa namba ya uongo.

Na serikali namba inazo. Nyumba yenye hati huhamishi jina bila ripoti ya uthamini iliyopita kwa Mthamini Mkuu, TRA (mamlaka ya mapato) wanataka 10% ya faida ya muuzaji, kuna ushuru wa stempu kama 1%. Kila mauziano yanaacha karatasi, karatasi zinalala kwenye faili, sisi huku tunapigwa.

MUUZAJI WA TABATA

Mkuu unaongea kama mnunuzi na una haki yako, ila sikiliza upande wa pili. Mi nauza nyumba Tabata tangu 2022 na sishushi. Msingi nilichimba 2009, nikakaa, 2011 nikapandisha boma, nikakaa tena, bati 2014, madirisha ya aluminiamu nimeweka juzi juzi. Mule ndani hakuna senti ya benki. Sasa nani ananikimbiza? Mtu mwenye mkopo akishindwa rejesho benki inapiga mnada na bei za mtaa zinashuka, ila Dar wengi tumejenga kwa mfuko wetu, tofali mia leo, nondo mwakani. Nyumba ikikosa mteja naweka mpangaji maisha yanaenda. Ndo maana unaona vibao vya INAUZWA miaka minne na bei ile ile, mnasema soko limekufa, halijafa, sisi hatuna haraka.

Halafu ukishatangaza bei, kesho hiyo ndo bei ya kodi. Kodi ya majengo waliingiza kwenye Luku ya umeme 2021, buku kwa mwezi, tukasema poa, 2023 ikawa 1,500. Sasa unataka niwaonyeshe na thamani ya nyumba? Hapana kwa kweli.

MCHANGIAJI WA TATU

Muuzaji kasema ukweli kuliko anavyojua. Tatizo ni hela. Riba ya mkopo wa nyumba iko juu, inaweza kufika asilimia 17 au zaidi kwa mwaka. Chukua milioni 100, riba 17, miaka 15, rejesho ni kama milioni 1.54 kila mwezi, ukimaliza umerudisha 277. Mwalimu gani huyo ataweza? TMRC, kampuni ya kuyakopesha mabenki, ilianzishwa 2010 ili yapate fedha za muda mrefu za kukopesha watu nyumba, lakini mpaka leo ukimwambia mtu umenunua nyumba kwa mkopo wa benki anakuangalia kama umetoka Ulaya. Tangaza bei hata kwenye taarifa ya habari, asiye na kitu hanunui.

WA KIVULE

Nyie mnaongelea nyumba zenye hati. Huku kwetu skwata, maeneo yasiyopimwa wala kuwa na hati, tunauziana ofisi ya serikali ya mtaa, mjumbe yupo, mashahidi wawili wa muuzaji wawili wa mnunuzi, na ofisi inataka 10% yake, ambayo wengine wanasema haipo kisheria ila kataa uone kama utagongewa muhuri. Matokeo yake, ili kukwepa hiyo 10%, kiwanja cha milioni 20 kinaandikwa 8. Nilinunua hivyo hivyo, karatasi yangu inasema milioni 6 na nusu. Siku nikipitiwa na barabara nitadai fidia kwa bei gani? Sasa mleta mada ukichapisha za namna hii utakuwa umechapisha uongo wenye muhuri.

WA NAIROBI

Salamu kutoka huku jirani. Sisi stamp duty (ushuru wa stempu) mjini ni 4%, kwa hivyo hata hapa watu wanaandika bei kidogo kwa agreement, ndio valuer wa serikali anakadiria mwenyewe. HassConsult, kampuni ya mambo ya nyumba, wanatoa ripoti ya bei na mabroka bado wanakuambia ya kwao. Lakini angalau ukienda kununua uko na kitu mkononi ya kubishana nayo.

MLETA MADA

Wa Nairobi ndo hapo hapo, kitu cha kubishania. Sijasema bei zitashuka.

Wa Kivule umenibana, nakubali, skwata ningeanza na kuifuta hiyo 10% kwanza, mtu asipokatwa hana sababu ya kuandika 8. Kwenye hati sibadiliki. Kuhusu kodi, muuzaji wa Tabata, TRA hawasubiri mimi nitangaze, wanapata uthamini wako siku ile ile unayouza. Asiyejua bei ni mimi tu mnunuzi, na wewe pia, maana unaweza ukawa unauza rahisi na hujui. Ila hiyo ya kutokuwa na haraka imenikaa, sikuwahi kuifikiria hivyo.

MUUZAJI WA TABATA

Rahisi siuzi mkuu hilo ondoa shaka 😂 Goba umewapa ngapi mwisho?

MLETA MADA

Nimewapa 115. Kumbe nyumba ya urithi, watoto wako watano, msimamizi wa mirathi ni huyo dada, wawili wameshakubali, mmoja yupo Muscat anasema chini ya 140 hasaini. Wameniambia nisubiri kikao cha familia Jumapili. Hiki ni kikao cha tatu.