Naomba ushauri: folda ya WinSxS inasoma GB 11, je, niifute?

Mwalimu_Nyanda
Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Ninatumia kompyuta mpakato yenye SSD ya GB 128 na Windows 10, na humo ndimo ninamotunza alama za wanafunzi wangu wa kidato cha tatu na cha nne. Tangu wiki iliyopita inanionya kuwa diski C imebakiwa na GB 3 tu. Nilipokagua, nilikuta WinSxS iliyo ndani ya folda ya Windows inasoma GB 11.2. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba nikijumlisha folda zote, pamoja na zile zilizofichwa, jumla inazidi nafasi ambayo diski yenyewe inasema imetumika. Fundi mmoja ameniambia niifute WinSxS yote. Naombeni ushauri kabla sijagusa kitu.

Fundi_Taratibu
Mwalimu, tafadhali usiifute. Hesabu hiyo iliyokutatiza ndiyo yenye jibu. Katika NTFS, yaani mfumo ambao Windows hutumia kupanga faili kwenye diski, jina la faili na data yake ni vitu viwili: data moja inaweza kuwa na majina kadhaa (kila moja huitwa hard link) katika folda tofauti, mradi yote yawe ndani ya diski ileile. Windows huhifadhi vijenzi vyake katika WinSxS, kisha vile vinavyotumika huvipa jina la pili ndani ya folda ya mfumo ya System32 na kwingineko. Explorer, programu ya Windows ya kufungulia folda, inapopima folda hujumlisha kila jina inalokutana nalo, bila kuuliza kama data hiyo imekwisha kuhesabiwa kwa jina lingine. Chukulia mwanafunzi wa bweni aliyeandikwa katika daftari la darasa na katika daftari la bweni: ukijumlisha madaftari yote mawili utapata watoto wengi kuliko walioko shuleni.

Unaweza kujionea mwenyewe. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa ruhusa ya msimamizi, uandike:

fsutil hardlink list C:\Windows\System32\notepad.exe

Utaona njia inayoishia System32 na nyingine ndefu inayopita WinSxS, ingawa faili ni moja. Ukifuta jina moja, data inabaki palepale mpaka jina la mwisho liondoke. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya folda hiyo, ungefuta usipate nafasi, na papo hapo ungeiharibia Windows uwezo wa kujirekebisha na kupokea masasisho. Ili kujua ukubwa halisi, tumia amri hii, iliyopo tangu Windows 8.1:

Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore

Ulete majibu hapa.

Mpenda_Penguini
Naongeza kwa wanaotumia Linux. Huko amri ya du, inayopima nafasi iliyotumika, huhesabu data yenye majina mengi mara moja tu kila inapoendeshwa, na ls -l huonyesha idadi ya majina ya faili katika safu ya pili. Angalieni mnaponakili kwenda diski ya nje kwa amri ya rsync, kwa sababu bila kuiongezea -H kila jina hugeuka nakala kamili, na hapo nafasi huliwa kweli.

Mwalimu_Nyanda
Nashukuru sana, ndugu zangu. Majibu ni haya: ukubwa unaosomwa na Explorer ni GB 11.2, ukubwa halisi GB 10.9, zinazotumiwa pamoja na Windows GB 6.7, nakala za akiba na vipengele vilivyozimwa GB 4.1, na data ya muda GB 0.1. Mwishoni imependekeza usafishaji.

Fundi_Taratibu
Basi mzigo wa WinSxS yenyewe ni GB 4.2. Zile 6.7 ni Windows unayoitumia sasa hivi, na zingekuwepo hata kama folda hiyo isingekuwepo. Endesha Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, uiache imalize hata ikionekana imekwama. Usiongeze /ResetBase, kwa kuwa baada yake huwezi tena kuondoa sasisho lililokwisha kuwekwa, na kwenye kompyuta yenye alama za watoto mimi nisingejifungia mlango huo. Kama hutumii hibanesheni (kuzima kompyuta huku kazi ulizofungua zikihifadhiwa kwenye diski), amri ya powercfg /h off itaondoa hiberfil.sys, faili inayotumika kwa kazi hiyo. Ila kabla ya yote, nakili alama kwenye flashi.

Mwalimu_Nyanda
Nimenakili alama kwenye flashi mbili, kisha nikasafisha. Dism ilikaa kwenye asilimia 20 kwa muda mrefu, nami nikaiacha kama ulivyosema. Kwa kuzima na hibanesheni, nafasi tupu imetoka GB 3 hadi 8.4, na safari hii nimeisoma kwenye diski yenyewe.